Jina la Mlangoni

Salgaa, saa mbili asubuhi, umande bado juu ya turubai.
Khisa Mulongo ameegesha Isuzu mbele ya kibanda changu,
magurudumu kumi, mlango wa kushoto mtupu kama daftari jipya,
na mkononi karatasi ya faini kutoka mizani ya Webuye,
imekunjwa mara nne, utadhani barua ya msiba.

"Wamenishika kwa kosa la kutoandikwa," anasema.
"Mzigo sawa, breki sawa, taa sawa.
Afisa akazunguka gari, akagonga mlango kwa kalamu:
hili ni la nani? Nikamwambia, langu.
Akasema, mlango haujasema hivyo."

Miaka kumi na tisa ameendesha majina ya watu.
Mahindi ya Kitale, saruji, mbolea, sukari ya Nzoia,
kiwiko chake kikining'inia dirishani
juu ya jina la tajiri.

Nachukua msasa. Rangi ya buluu inatoka, chini yake kijani,
chini ya kijani mabaki ya herufi: ...GI NA WANAWE, S.L.P., MOLO.
Chini zaidi, wekundu wa ushirika wa maziwa uliovunjika zamani.
Lori hili limeolewa mara nyingi.
Vumbi la majina linaniingia puani, napiga chafya.

Sheria naijua kwa kichwa, kama dua ya chakula:
jina la mwenye gari, sanduku la posta, mji,
uzito mtupu, kisha uzito pamoja na mzigo,
herufi za kusomeka, si za mapambo,
na nyuma milia ya manjano na nyekundu ing'ae usiku,
maana kule Sachangwan ukungu hauulizi leseni.

"Nipe logibuku," namwambia. "Afisa hulinganisha."
Anasita. Anachomoa bahasha chini ya kiti.
Nasoma: PHYLIS NAFUNA WEKESA.
Namtazama. Anatazama magurudumu.
"Ng'ombe watatu walikuwa wake," anasema. "Na mkopo wa chama.
Mimi nilileta mikono."

Anapiga simu Kimilili. Anaomba kwa sauti ya chini
kama yaweza kuongezwa maneno mawili madogo, *mke wa*.
Namsikia yule mama hadi hapa nilipo, na kuku nyuma yake:
"Andika jina linalolipa deni!"

Sanduku je? Hawana. Wanatumia la shule ya msingi
alikosoma Khisa, ambako barua bado hufika
na mwalimu mkuu humpa mtoto wa jirani azibebe.
Basi naandika namba ya shule.
Sheria ikimtafuta, itabidi ibishe hodi darasani.

Nachora mistari ya chaki, napima kwa vidole.
"Kipimo cha chini ni hiki," namwonyesha.
"Achana na cha chini. Nataka asomwe kutoka ng'ambo ya barabara.
Na yule wa mizani asiinuke hata kitini."

Uzito mtupu: kilo elfu tisa mia nne.
Anauliza kama hiyo ni pamoja naye ndani.
Nimeandika milango isiyo na idadi, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Namwambia, nadhani dereva hahesabiwi.
Anacheka kidogo, peke yake,
kisha haendelei.

Rangi inataka saa tatu. Wenye mbolea wanapiga simu, hapokei.
Amekaa juu ya ndoo, anapunga ile karatasi ya faini
nzi wasitue kwenye A ya mwisho ya NAFUNA.
Matangi ya mafuta yanapita kuelekea Malaba,
kila moja na upepo wake, na kila upepo na vumbi lake.
Chembe chache zimenasa kwenye herufi mbichi.
Nainua kitambaa.
"Acha," anasema. "Zikaukie humo humo."